Jeli Inayongoja Joto la Mgonjwa

Mfamasia mmoja mzee ninayemfahamu hachanganyi jeli ya poloksama 407, polima ya kubebea dawa, wakati wa pilikapilika za mchana. Husubiri jioni, wateja wakishapungua. Hutoa maji kwenye jokofu, ya nyuzijoto 4 au 5, akanyunyiza unga wa polima hiyo kidogo kidogo huku akikoroga taratibu ili povu lisije likazuka. Kisha hufunika chombo na kukirudisha kwenye baridi kilale humo. Asubuhi hukiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akiona punje nyeupe hata moja, anakirudisha.

Samli huganda kwa baridi na kuyeyuka kwa joto; jeli hii hufanya kinyume. Ikiwa baridi hutiririka. Ikipata joto, sehemu za polima zisizopenda maji hukimbiliana na kuwa vitonge vidogo mno, vitonge vikasongamana, na kilichokuwa kikitiririka kikatulia. Ndiyo maana unga ukitiwa kwenye maji ya vuguvugu hufanya madonge magumu kuyavunja.

Mtafiti Irving Schmolka alipoieleza jeli hii mwaka 1972, alikuwa na majeraha ya moto akilini: dawa imiminwe ikiwa baridi juu ya ngozi iliyoungua, halafu ishike kwa joto la mgonjwa mwenyewe. Naipenda sana fikra hiyo. Fundi hufanya sehemu yake, kisha huuachia mwili wa mgonjwa umalizie kazi. Jeli ikishashika, humomonyoka polepole juujuu, na dawa hutoka kwa kipimo badala ya kumwagika yote mara moja. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha Jelmyto, dawa ya saratani ya njia ya juu ya mkojo inayotumia tabia hiyohiyo: huingizwa ikiwa baridi, hushika ndani, na mkojo wenyewe huiyeyusha kwa saa kadhaa.

Sasa naona haraka imeingia hata hapa. Mashine hukoroga kwa kasi, povu hunaswa ndani ya jeli, na mililita moja haibebi tena dawa sawa na nyingine. Kijana aliyehitimu famasia anaweza kumaliza mwaka mzima akihesabu vidonge tu, kinu na mchi vikiwa juu ya kabati vinakusanya vumbi. Mikono iliyojua kungoja inastaafu bila kurithiwa.

Walimu wa famasia, rudisheni meza ya kuchanganyia dawa, na waleteni wazee hawa waisimamie wakiwa bado wana nguvu.