Ngumi na Ulimi katika Sinema za Masumbwi

Katika michezo iliyopata kuonyeshwa katika sinema, ni michache sana iliyoitumikia sanaa hiyo kama masumbwi. Sababu yake si ngumu kuijua. Ulingo ni mdogo, watu ni wawili, taa ziko juu ya vichwa vyao, na ugomvi wao una mwanzo na mwisho. Tena mapigano yenyewe hukatwa na kuunganishwa upya na mhariri wa picha, na hapo ndipo ufundi wa sinema hizi ulipotukuzwa zaidi: Body and Soul (1947), Champion (1949), Rocky (1976) na Raging Bull (1980) zote zilipata tuzo ya Oscar ya uhariri. Yaweza kusemwa, basi, kwamba ngumi imekwisha kupewa sarufi yake. Jambo lililobaki kuangaliwa ni ulimi. Katika sinema hizi, ni nani asemaye, ni nani anyamazaye, na ni nani asemewaye na wengine?

Kanuni ya kale ya sinema za masumbwi yaweza kufupishwa kwa methali mbili za Kiswahili. Ya kwanza ni simba mwenda pole ndiye mla nyama. Ya pili ni debe tupu haliachi kuvuma. Shujaa ni mtu wa maneno machache, ambaye ukweli wake umo mikononi. Msemaji ni mpinzani wake, au tajiri anayemmiliki, na usemi wake ni dalili ya utupu au ya hila. Kwa mtazamo wa kwanza kanuni hiyo yaonekana kuwa haina madhara. Lakini ikitazamwa pamoja na rangi ya watu waliogawiwa kunyamaza na waliogawiwa kusema, yadhihirika kwamba ndani yake mna dhuluma. Bondia mweupe akinyamaza, kimya chake huitwa kina. Bondia mweusi akinyamaza, huonekana kuwa nguvu tupu isiyo na mawazo. Naye akisema, huhesabiwa kuwa mwenye majivuno. Njia ya tatu hapewi.

Body and Soul, iliyoongozwa na Robert Rossen na kuandikwa na Abraham Polonsky, ilijaribu mapema kuivunja kanuni hiyo. Charley Davis, aliyechezwa na John Garfield, ananyakua ubingwa kutoka kwa Ben Chaplin, bondia mweusi ambaye tayari ana damu iliyoganda ubongoni. Wakubwa wa mchezo wanajua jambo hilo, wala hawamwambii Charley. Ben amechezwa na Canada Lee, ambaye mwenyewe alikuwa bondia kabla ya kuwa mwigizaji, na labda ndiyo sababu hakuna katika mwendo wake chembe ya kuigiza. Sinema inampa maneno yenye uzito: ndiye anayemkatalia Roberts, bwana wa fedha, mbele ya macho yake. Hata hivyo Ben anakufa, na kufa kwake ni somo kwa Charley. Mwishoni Charley anakataa kuliuza pambano lake, na anamrudishia Roberts maneno ya Roberts mwenyewe, kwamba kila mtu atakufa. Mtumwa ameunyang'anya ulimi wa bwana wake. Hayo ni mafanikio makubwa ya uandishi. Lakini faida ya ujasiri wa Ben inakwenda kwa mwingine.

Miaka miwili baadaye hata sehemu hiyo ndogo ilipunguzwa. The Set-Up (1949) ya Robert Wise ilitokana na shairi refu la hadithi la Joseph Moncure March, lililochapishwa mwaka 1928. Katika shairi hilo bondia ni mtu mweusi aitwaye Pansy Jones, na rangi yake ni sehemu ya sababu ya kutofika kwake kileleni. Katika sinema bondia amekuwa mtu mweupe, Stoker Thompson, aliyechezwa na Robert Ryan. Kwa ufundi, sinema hii ni miongoni mwa zilizo bora kabisa. Inadumu kwa muda wa dakika 72 hivi, na muda wa hadithi ni huo huo, hata mtazamaji aihesabu kila dakika pamoja na mzee huyo wa miaka 35 anayengoja zamu yake. Meneja wake amepokea rushwa ili Stoker ashindwe, wala hamwambii, kwa kuwa ana hakika kwamba atashindwa tu. Mapatano yamefanywa juu ya mwili wake pasipo yeye kushirikishwa hata kwa neno moja. Hakuna sinema iliyouonyesha kwa uwazi zaidi unyonge wa mtu asemewaye. Ila ukubwa wa wazo hilo ndio unaoufanya mkato uonekane. Unyonge ambao mshairi aliujengea sababu ya kijamii, sinema imeuachia sababu ya umri peke yake. Bondia mweusi yumo, Luther Hawkins, aliyechezwa na James Edwards. Lakini yumo katika chumba cha kuvalia, na hadithi si yake.

Rocky, iliyoongozwa na John G. Avildsen na kuandikwa na Sylvester Stallone, inaifuata kanuni ya methali mbili bila ya kuificha. Rocky Balboa ni simba mwenda pole: maneno yake yanakatika, na utu wake unaonekana katika kusitasita kwake. Apollo Creed, bingwa mweusi aliyechezwa na Carl Weathers, ndiye debe. Ni mwepesi wa akili, anaijua biashara, na tena ni mjuzi wa thamani ya maneno, kwa maana anamchagua Rocky kwa kuvutiwa na jina lake la ulingoni. Stallone alipata wazo lake kwa kulitazama pambano la Muhammad Ali na Chuck Wepner la tarehe 24 Machi 1975, na mfano wa Ali katika Creed hauhitaji kuthibitishwa. Lakini Ali ameondolewa kile kilichoufanya usemi wake uwe na maana. Ali alisema dhidi ya vita na dhidi ya ubaguzi, na alinyang'anywa ubingwa kwa ajili ya msimamo wake. Creed anasema ili auze tikiti. Ganda limechukuliwa, kiini kimeachwa.

Raging Bull ya Martin Scorsese ni kazi ya daraja nyingine. Jake La Motta, aliyechezwa na Robert De Niro, hana lugha ila matusi na swali moja analomrudia ndugu yake kuhusu mke wake, mpaka swali lenyewe linageuka kuwa pigo. Mwishoni, akiwa mnene na mchekeshaji wa ukumbini, anajitazama katika kioo na kuyakariri maneno ya bondia aliyechezwa na Marlon Brando katika On the Waterfront (1954), akimlaumu kaka yake kwa kumfanya auze pambano. Maneno hayo si ya La Motta, wala si ya Brando. Yaliandikwa na Budd Schulberg kwa ajili ya bondia wa kubuni. La Motta mwenyewe aliuza pambano mwaka 1947, akakiri mbele ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani mwaka 1960. Hata alipo na jambo la kweli la kuungama, hana budi kuazima ulimi wa mwingine. Katika sinema zote za masumbwi, hakuna ukurasa ulioandikwa kwa akili zaidi ya huu. Ila haki yadai kuongeza jambo moja: Sugar Ray Robinson, aliyemshinda La Motta mara 5 katika mapambano yao 6, anapita katika sinema hii karibu bila ya usemi. Ni ngumi zinazotoka katika moshi na mwanga.

When We Were Kings ya Leon Gast ilipigwa picha mwaka 1974 mjini Kinshasa, ikatolewa mwaka 1996. Hapa hakuna mwandishi aliyemtungia bondia maneno. Ali anasema mwenyewe, na msomaji wa tungo za Kiswahili hatauona usemi wake kuwa kitu kigeni. Ni majigambo: sifa za nafsi na dharau kwa adui, zikitangulia pigano. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliitumia silaha ya namna hiyo katika mashairi yake ya kujibizana, na hakuna mhakiki aliyemwita debe tupu. Katika desturi hiyo maneno ni sehemu ya vita yenyewe, wala hayachukui mahali pa ujasiri. Sinema ya Gast inalithibitisha hilo: katika duru ya 8, usiku wa tarehe 30 Oktoba, George Foreman alianguka.

Umati ulipiga ukelele wa Ali, boma ye. Maneno hayo ni ya Kilingala. -Boma ni kuua, na ye ni kiwakilishi cha nafsi ya tatu, kinachosimama peke yake baada ya kitenzi, hali Kiswahili hukiingiza kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi na kusema muue. Ukelele huo haukuwa katika Kifaransa cha serikali wala katika Kiingereza cha wageni. Hata hivyo wenye lugha hiyo wamepewa ukelele tu. Wanaosimulia kwa urefu ni Norman Mailer na George Plimpton, waandishi wa Marekani. Naye Foreman ameachwa katika ububu wa mwaka 1974, ijapokuwa kabla ya sinema kutolewa alikuwa amekwisha kuwa mhubiri, na aliutwaa tena ubingwa mwaka 1994 akiwa na umri wa miaka 45. Ulimi aliopewa mtu mweusi mmoja umelipiwa kwa kimya cha mwenzake. Sinema hiyo ilipopata Oscar mwaka 1997, Foreman alimsaidia Ali kupanda jukwaani. Ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umekwisha kuudhoofisha usemi wa Ali, naye hakuhutubia.

Deni la Rocky lilianza kulipwa na Creed (2015) ya Ryan Coogler, iliyomfanya mwana wa Apollo kuwa mwenye hadithi, na Rocky kuwa mwalimu wake. Katika Creed III (2023), iliyoongozwa na Michael B. Jordan, binti wa bondia ni kiziwi, na nyumbani wazazi huzungumza naye kwa lugha ya alama. Sinema hiyo haifikii Raging Bull kwa uhariri wala kwa kina. Lakini ndani yake mkono uliofanywa kwa miaka mingi kuwa chombo cha kupigia tu umekuwa chombo cha kusemea, baina ya baba na mtoto, bila ya kuazima maneno ya mtu yeyote. Mtu atakayezipanga sinema za masumbwi kwa ubora wake hana budi kuitanguliza Raging Bull kwa ufundi. Akizipanga kwa haki ya ulimi, orodha yake itakuwa nyingine, nayo itakuwa fupi.