Sumaku ya mawe haijui mashariki wala magharibi

Ndugu zangu, nimekisoma hicho kitabu cha jiografia mnachokisifia. Lugha tamu, lakini sura ya sumaku imeniudhi: eti miamba ya kale hutuonyesha "mahali hasa" bara lilipokuwa. Hapana bwana! Mwinamo wa sumaku hutoa latitudo tu. Longitudo haitoi ng'o. Bukini ilibahatika kwa sababu ubishi wenyewe ulikuwa wa kaskazini na kusini: mwaka 1976 McElhinny na wenzake wakaonyesha kisiwa kilikuwa ubavuni mwa Somalia, Kenya na Tanzania, si Msumbiji. Tena tope likigandamizwa, mwinamo hupungua, nchi ikaonekana karibu na ikweta kuliko ilivyokuwa. Lava haina ugonjwa huo, ila mtiririko mmoja hunasa kitambo kidogo tu, yatakiwa mingi. Mwandishi kavikoroga vyote chungu kimoja, na wanafunzi wetu ndio wanaokariri.