Idjwi ilivyosimuliwa na koo zake

Anayepanda boti Bukavu kwenda Idjwi, kisiwa cha Kongo katika Ziwa Kivu, huambiwa kwamba anakwenda kwa Wahavu, kana kwamba jina hilo limemaliza habari. David Newbury hakuishia hapo. Mwanahistoria huyu Mmarekani, mwanafunzi wa Jan Vansina, bingwa wa masimulizi ya mdomo, alifanya utafiti kisiwani katika miaka ya 1970. Kitabu chake, Kings and Clans, kilitoka mwaka 1991. Kinahusu takriban miaka 60 tu, kuanzia 1780 hadi 1840, na ufinyu huo ndio unaokipa nguvu.

Ng'ambo ya ziwa, Rwanda, historia ilikuwa imeandikwa kwa muda mrefu kutokana na maneno ya watu wa ikulu. Mwanahistoria Mnyarwanda Alexis Kagame ndiye mfano mkubwa. Ukimsikiliza mtunza siri za mfalme peke yake, utapata ufalme unaopanuka, na wengine wote watakuwa watu wa kutekwa. Newbury alikusanya masimulizi ya koo nyingi za Idjwi, akayapambanisha.

Alichokuta kinagusa hata siasa zetu za leo: koo hazikufika kisiwani zikiwa zimekamilika. Watu walivuka ziwa kutoka pande tofauti, vikundi kwa vikundi, na utambulisho wa ukoo ukakua hapohapo, sambamba na ufalme wa Basibula, nasaba ya kifalme ya Idjwi. Kila kimoja kilikijenga kingine.

Hoja hiyo inaonekana wazi zaidi katika muganuro, sherehe ya malimbuko. Koo mbalimbali zina kazi zake ndani ya ibada hiyo, na bila hizo mwami, yaani mfalme, hawezi kuikamilisha. Newbury aliisoma sherehe kama mtu anayesoma hati: nani anashika nini, na kwa nini yeye. Kwangu huo ndio ustadi mkubwa kuliko wote kitabuni.

Swali la chanzo ni cha nani haliko Idjwi na Rwanda tu; Ulaya nako lipo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndani ya geto la Warszawa, mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake Wayahudi walikusanya karatasi zao wenyewe na kuzifukia. Sehemu zilifukuliwa mwaka 1946 na 1950. Lakini anayeandika historia ya Waroma, jamii ya wachache ya hukohuko Ulaya, mara nyingi hulazimika kuanza na daftari za polisi waliowasaka.

Idjwi wapo pia Bambuti, jamii ya Mbilikimo. Natamani mwanafunzi wa ISP Bukavu, chuo cha ualimu, achukue kisiwa hichohicho, miaka michache tu, na safari hii masimulizi ya kwanza kuyarekodi yawe yao.