Pongezi kwa wapuliza mdomo wa bata

Hapa Bariadi ukitaja jazi, wazee hawafikirii New Orleans. Watakutajia Dar es Salaam Jazz, Western, Morogoro na NUTA, bendi zilizowafikia kupitia Radio Tanzania. Wacharaza magitaa walisifiwa sana, na walistahili. Pongezi zangu leo ni za wapuliza saksafoni, huo mdomo wa bata, hasa King Michael Enoch, aliyepiga gitaa la solo Dar Jazz, kisha akasikika na saksafoni DDC Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978. Wangapi wamemudu vyote viwili?

Uzito wa kazi hiyo anaujua anayejifunza. Unalowesha kile kipande cha mwanzi kwa mate, unakifunga kwenye kinywa cha chombo, unakunja mdomo wa chini juu ya meno, halafu unashikilia noti moja hadi pumzi ikate. Jirani atadhani kuna ndama anachinjwa (na sisi Wasukuma ng'ombe tunawajua). Ukichoka, wasikilize Sikinde, yaani hao Mlimani Park: waimbaji wakimaliza ubeti, saksafoni na tarumbeta hujibu kwa pamoja, kwa ufupi, kisha zinapisha gitaa.

Halmashauri na shule za mkoa wetu wa Simiyu, mkinunua vyombo vya muziki msiishie kwenye spika na kinanda. Wekeni na saksafoni.