Ujima wa Programu za Fedha: Sifa Zake na Kasoro Zake

Kila kazi ifanywayo na kompyuta hufuata maagizo yaliyoandikwa na mtu, na maagizo hayo huitwa programu. Programu zilizo nyingi hufichwa na wenyewe: mnunuzi hupewa matunda, lakini mti haonyeshwi. Zipo nyingine ambazo maagizo yake huwekwa hadharani, hata mtu yeyote akaweza kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kumpa mwenzake. Hizo huitwa programu huria. Huandikwa kwa ujima, kama shamba lilimwavyo na majirani wengi, na leo zimeingia hata katika kazi ya kutunza fedha. Jambo hili limesifiwa sana. Katika insha hii nataka tulipime, tuone sifa ipi inalistahili na ipi limepewa bure.

Kijana wa Gachoka aweza kuuliza, yananihusu nini haya? Gachoka imo katika nchi kame ya Mbeere, katika Kaunti ya Embu. Jina lake lilikuwa pia jina la jimbo la uchaguzi, mpaka lilipobadilishwa kuwa Mbeere Kusini katika uchaguzi wa mwaka 2013. Wakulima wa huko hupanda ndengu, mtama na muguka. Muguka huchumwa na kuuzwa ungali mbichi, na malipo yake aghalabu hayaji tena kwa noti mkononi, bali kwa simu. Akiba huwekwa katika vyama vya akiba na mikopo, ambavyo navyo vimeacha daftari kubwa za karatasi na kuingia katika kompyuta. Basi jasho la mkulima hulala ndani ya programu ambayo hakuiandika, hakuiona, wala hajui nani ameiandika. Anayo haki ya kuuliza habari zake, na mtoto wake aliye shuleni ana wajibu wa kumjibu.

Tuanze na sifa. Ilipofika miaka ya mwanzo ya karne hii, mashirika madogo ya mikopo yalikuwa katika shida moja duniani kote. Programu za benki kubwa ziliuzwa kwa bei yasiyoiweza, na kila shirika lilihangaika peke yake. Shirika la Grameen Foundation la Marekani likaanzisha programu huria iliyoitwa Mifos, ili mashirika hayo yapate chombo kimoja cha kuandika mikopo na marejesho. Programu hiyo iliandikwa upya baadaye, na msingi wake ukapewa shirika la Apache, ambako huitwa Fineract. Leo chama kidogo cha mikopo chaweza kuanza kazi kwa msingi uleule unaotumiwa na kampuni kubwa, pasipo kulipa bei ya ruhusa. Hiyo ni faida ya kweli, wala haifai kudharauliwa.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi. Nchini Kenya, huduma ya M-PESA ilianza mwezi wa Machi 2007. Ilileta nuru kubwa, lakini programu yake ni ya siri, na kwa miaka mingi fedha za kampuni moja ya simu hazikuvuka moja kwa moja kuingia katika pochi ya kampuni nyingine. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 2018. Tanzania kampuni zilianza kuelewana mapema, tangu mwaka 2014, lakini kwa mikataba ya wawili wawili. Mwanafunzi wa hesabu ataona mara moja taabu ya njia hiyo. Kampuni tano zikitaka kuungana kila moja na kila mwenziwe, zahitaji mikataba kumi. Zikiwa kumi, zahitaji arobaini na mitano. Lakini ikiwa kuna kituo kimoja katikati, kila kampuni yahitaji kuungana mara moja tu.

Mwaka 2017 wakfu wa Bill na Melinda Gates ulitoa hadharani programu huria ya kituo cha namna hiyo, ikaitwa Mojaloop. Benki Kuu ya Tanzania ilijenga mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, uitwao TIPS, juu ya msingi wa programu hiyo. Hapa ujima umeonyesha nguvu yake: nchi haikulazimika kuanza na jiwe la kwanza, wala haikulazimika kuwa mtumwa wa muuzaji mmoja.

Wengine hushangaa kwamba hata benki kubwa za Ulaya na Marekani, ambazo hushindania wateja usiku na mchana, huandika programu pamoja. Lipo shirika liitwalo FINOS, ambalo tangu mwaka 2020 limo chini ya Linux Foundation, ambamo benki hizo hukutana kwa kazi hiyo. Tusidhani kuwa zimeshikwa na huruma. Zimetambua kwamba kazi nyingi za ndani hazimpatii mtu mteja hata mmoja, na kila benki kuzirudia peke yake ni hasara. Wenye maduka wawili wanaoshindana huweza kuitengeneza pamoja barabara ipitayo mbele ya milango yao. Sioni aibu katika jambo hilo. Ila ni vema tuliite kwa jina lake: ni busara ya matumizi, si sadaka.

Kabla ya kueleza kasoro, yafaa niondoe hofu moja. Watu husema, ikiwa programu ya benki i wazi, je, mwizi hataingia? Hofu hii huchanganya mambo mawili. Kilicho wazi ni namna kufuli lilivyoundwa, wala si ufunguo wa mlango wa fulani. Akiba ya mtu na namba yake ya siri havimo katika maandishi hayo. Tangu mwaka 1883 mwalimu mmoja aliyefundisha Ufaransa, Auguste Kerckhoffs, alieleza kwamba maandishi ya siri yaliyo bora ni yale yasiyoharibika hata adui akijua jinsi yalivyotungwa, mradi hana ufunguo. Kufuli linalotegemea kwamba hakuna ajuaye umbo lake ni kufuli dhaifu.

Hata hivyo, kutoka katika hofu isiyo na msingi tusitumbukie katika tumaini lisilo na msingi. Wapo wapenzi wa programu huria wanaosema kwamba kwa kuwa macho ni mengi, makosa hayawezi kujificha. Neno hili ni tamu, lakini mambo yaliyotokea hayalithibitishi. Mwezi wa Aprili 2014 kosa kubwa lilitangazwa katika programu huria iitwayo OpenSSL, ambayo hufunga kwa siri mazungumzo ya kompyuta katika intaneti, pamoja na mazungumzo ya benki na wateja wao. Kosa hilo lilikuwa limekaa wazi kwa miaka miwili. Dunia nzima ilitumia programu ile, lakini waliokuwa wakiitunza walikuwa watu wachache sana, na malipo yao yalikuwa duni. Kila mmoja alidhani mwenzake anatazama. Macho elfu yaliyofumba hayaoni zaidi ya jicho moja lililofumba.

Mwaka 2017 ukaleta fundisho jingine. Kampuni ya Equifax ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuweka habari za watu na madeni yao, ilitumia programu huria iitwayo Struts. Mwezi wa Machi mwaka huo kosa la Struts lilitangazwa, na marekebisho yake yakatolewa papo hapo, bure, kwa kila anayetaka. Kampuni haikuyatia mahali palipohitajiwa. Mwezi wa Mei wezi wakaingia, wakachukua habari za watu wapatao milioni 147. Hapa ujima haukushindwa. Wanaujima walifanya sehemu yao. Aliyeshindwa ni yule aliyepokea chombo cha bure akasahau kwamba hata chombo cha bure huhitaji kunolewa.

Kasoro ya pili imo katika masharti yenyewe. Fineract na Mojaloop hutolewa kwa leseni ya Apache. Leseni hiyo humruhusu mtu kuchukua, kubadili na hata kuuza, wala haimlazimishi kurudisha kwa wenziwe marekebisho aliyoyafanya. Wenye kuitetea husema kwamba bila uhuru huo benki nyingi zingeogopa kuingia. Huenda ni kweli. Lakini mtu wa Mbeere anajua habari za kisima cha wote. Kuchota ni kwepesi, na kila ndoo hupata mwenyewe. Pampu ikivunjika, fundi hutafutwa na wote na kulipwa na wachache. Kisima kisicho na utaratibu wa kulipia pampu hukauka kwa watu kabla ya kukauka maji. Programu ya Mifos nusura ijaribiwe hivyo: mwaka 2011 Grameen Foundation iliacha kuiongoza, na ilibidi jumuiya ya watumiaji na waandishi iunde shirika lake yenyewe ili kazi isife. Ilinusurika kwa sababu wapo waliokubali kubeba mzigo, wala si kwa sababu ilikuwa wazi.

Kasoro ya tatu hutuuma sisi wasemaji wa Kiswahili. Jina la Mojaloop limetokana na neno letu ‘moja’. Tulilipokea kwa furaha, kama mzazi aonaye mtoto wa jirani amepewa jina lake. Lakini ukiyafungua maelezo ya programu hiyo, yale yamfunzayo mtu kuiunda na kuirekebisha, utayakuta kwa Kiingereza. Neno letu limetangulia, nasi wenyewe tumebaki nyuma. Jina si ubia. Katika mto Tana, ambao unapita katika mipaka ya Mbeere, yalijengwa mabwawa ya umeme. La Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, na la Kiambere mwaka 1988. Nyaya zilipita juu ya mapaa ya watu kwenda miji ya mbali, na vijiji vingi vilivyo karibu vilingoja taa kwa miaka mingi. Kukaa karibu na kitu hakumfanyi mtu kuwa mwenyewe wa kitu hicho. Ndivyo ilivyo kwa maandishi yaliyo wazi: kwa asiyeweza kuyasoma, wazi na siri ni mamoja.

Je, basi, tuseme kwamba programu za siri ni bora? La, hasha. Makosa hukaa katika programu za siri pia, na huko mnunuzi hana hata ruhusa ya kuyatafuta. Muuzaji akipandisha bei au akifunga duka, aliyenunua hana pa kwenda. Ujima wa programu umeondoa mlango. Hilo ni jambo kubwa. Kosa la wausifuo ni kudhani kwamba kuondoa mlango ni sawasawa na kuingia. Wazi ni ruhusa, nayo ruhusa haifanyi kazi mpaka apatikane mtu wa kuitumia.

Dawa inajulikana. Baada ya aibu ya mwaka 2014, kampuni kubwa zilizokuwa zikiitumia OpenSSL pasipo kuichangia ziliweka fedha katika mfuko ulioanzishwa na Linux Foundation, ili watunzaji wa programu za namna hiyo walipwe. Benki zetu kuu, benki za biashara na vyama vyetu vya akiba vyaweza kufanya vivyo hivyo kwa kadiri ya uwezo wao: kila chombo kitumiacho programu huria kiwe na angalau mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuisoma, kutia marekebisho kwa wakati, na kurudisha kwa wenziwe aliyoyatengeneza. Mwanachama wa chama cha akiba naye asione haya kuuliza katika mkutano mkuu: programu yetu ni ipi, nani huitunza, na marekebisho ya mwisho yalitiwa lini? Maswali haya matatu hayahitaji shahada.

Wanafunzi wana sehemu yao. Kuandika programu ni kuandika. Kwahitaji mawazo yaliyopangwa, subira, na hofu ya kukosea. Kijana wa Gachoka mwenye kompyuta ya shule na intaneti ya kukatikakatika aweza kusoma leo maandishi yaleyale anayosoma mtaalamu wa London. Akipata kosa moja akalisahihisha, au akitafsiri ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili safi, amekwisha kuwa mmoja wa wanaujima, na akiba ya wazazi wake imepata jicho moja lililo macho.