Kazi za Mikono na Kifungu cha 15

Siku ya kutoa pointi za kazi za mikono, meza ya mwalimu inajaa mafagio, vikapu na miko. Uliza mtoto: huu mwiko umeuchonga katika mti gani? Ananyamaza. Mama yake ameununua sokoni. Mimi mwenyewe, katika shule moja nilimofundisha, niliandika 16 kwa 20 juu ya kikapu ambacho nilikiona Jumamosi kikiuzwa. Niliona haya, lakini niliandika.

Sisi Wakongomani tunajisifu sana na Kifungu cha 15: mjidebruye. Neno hilo linahusishwa na Kasai Kusini, jimbo lililojitenga mwaka 1960. (Katika Katiba ya 2006, kifungu cha 15 kinasema mambo mengine kabisa: serikali ipigane na jeuri za kingono.) Wengi wanadai akili ya kujidebruya haifundishwi, inaletwa na njaa tu. Mimi nakataa. Wakati wa vita vya 1998 mpaka 2003, barabara zilipokatika, huku kwetu Kasongo na Kabambare watu walipika sabuni kwa mawese na maji ya majivu. Njaa haikumwambia mama kwamba majivu ya maganda ya ndizi ni makali. Aliambiwa na mwenye kukosea mbele yake: yakipungua, sabuni inabaki na mafuta; yakizidi, inachubua mikono. Hilo ni somo, tena gumu.

Na fundi wa kinga chini ya mwembe? Hana diploma kama yangu, lakini ana mpango. Mwanafunzi wake kwanza anafungua na kuosha, halafu anaziba matundu. Kunyoosha rimu kunakuja mwisho. Kifaa kikikosa, fundi hatoi jibu. Anauliza: tuko na nini?

Marehemu Bodys Isek Kingelez, aliyewahi kufundisha sekondari Kinshasa, alijenga miji midogo ya karatasi na katoni, ikaonyeshwa Paris mwaka 1989 na New York mwaka 2018. Wengine wanashangaa vile vikaratasi. Mimi nashangaa vipimo.

Basi, wenzangu walimu, kikapu kisukwe darasani, mbele ya macho yetu. Kikipinda, mtoto apate pointi kwa kueleza kilianzia kupinda wapi. Najua inspekta atauliza vikapu vizuri viko wapi. Tumwonyeshe vile vilivyopinda, na mtoto asimame kando yake aeleze.