Njozi na Nakshi za Mikeka

Wasomaji wetu wengi wamelala juu ya mkeka tangu utotoni, wala hawakuuliza mistari ile yenye kupindapinda ilitoka wapi. Siku hizi liko neno la wataalamu, nalo limekwisha kuwafikia vijana wetu, ya kwamba nakshi za kale za mataifa mengi chanzo chake ni njozi za watu waliokula au kunywa dawa za kulevya. Tumeona vema kulipima neno hili, maana likiaminiwa ovyo laweza kuwaondolea mama zetu sifa iliyo haki yao, na wengine wakauonea mkeka shaka kama kitu cha pepo.

Asili yake ni hii. Katika miaka ya 1920 mtaalamu Heinrich Klüver alikula peyoti, dungusi dogo la Mexico, akaandika aliyoyaona. Akakuta maumbo yaleyale yakirudi: wavu au sega la nyuki, utando wa buibui, shimo refu kama pango, na mzunguko kama wa konokono. Mwaka 1988 David Lewis-Williams na Thomas Dowson wa Afrika Kusini walisema kwamba maumbo ya namna hiyo hutoka katika macho na ubongo wenyewe, ambao ni wa namna moja kwa watu wote, wakayatafuta katika michoro ya kale ya mapangoni. Hata michoro myekundu ya Kondoa, Lewis-Williams alikuwa ameilinganisha na ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambayo mchezaji wake hupagawa akawa kama simba.

Katika hayo liko la kweli. Fumba macho, uyabonyeze kidogo kwa vidole, nawe utaona miraba na nyota. Mwenye kipandauso huona mistari ya meno ya msumeno ikimetameta, naye hakuonja kitu. Lakini hapo ndipo hoja inapolegea: ikiwa jicho lolote laweza kuyaona maumbo hayo pasipo dawa, kuyakuta juu ya mkeka hakushuhudii dawa.

Twende sasa kwa msukaji, huko Pangani au kijiji chochote cha pwani ya Tanga. Yeye huchana ukindu, huuanika, mwingine akautia rangi, kisha husuka ukili. Utazame mkono wake. Kila uchane huenda mshazari toka ukingo hata ukingo, na ukifika mwisho hukunjwa ukarudi. Akiingiza uchane mweusi kati ya nyeupe, uchane huo wachora mpindo wenyewe, hata asipopenda. Akiingiza mbili zenye kukutana, hufanya umbo kama jicho. Kili zikishonwa ubavu kwa ubavu, mipindo huenea mkeka mzima. Umbo limezaliwa katika kazi na hesabu. Binti akikosea uchane mmoja, mama yake humfumulia mpaka pale alipokosea. Nani amepata kuifumua ndoto? Maua ya milango ya kuchongwa nayo ni kazi ya bikari: fundi huzungusha duara, na kwa kipimo kilekile hupata majani sita ya ua.

Wengine watataja mranaha, ambao huota majalalani hata kwetu. Lakini mranaha haumwonyeshi mtu nakshi. Humwewesesha, akasema na watu wasiokuwapo, na pengine humwua. Watataja na ngoma za pepo. Huko mtu hupandwa kwa mdundo na ubani, akadai nguo ya rangi fulani. Hatujapata kumsikia pepo aliyedai ukili wa namna mpya.

Walakini hatusemi kwamba jambo hili haliko popote. Watukano wa Kolombia walimwambia Gerardo Reichel-Dolmatoff wenyewe kwamba michoro ya kuta za nyumba zao hutoka katika njozi za kinywaji chao, yaje. Ushuhuda huo twaukubali, kwa kuwa umetoka vinywani mwa wenye kazi. Kosa twaliona kwa msomi atazamaye picha ya mkeka mbali na mikono iliyousuka, akahukumu. Kabla ya kushika kalamu, angalikaa barazani mchana mmoja na msukaji, akamwuliza uchane mweusi wapita juu ya ngapi na chini ya ngapi.